Je, mtu wa miaka 65 anaweza kujifunza zeze au kinanda? Muziki na afya ya ubongo uzeeni

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii huwahimiza wazazi kuwafunza watoto mapema, na kwa hilo ina ukweli wake. Lakini mara nyingi hutumika pia kumkatisha tamaa mtu mzima. Bibi wa miaka 65 akisema anataka kujifunza kinanda cha kanisani, au babu akitaka kupiga zeze alilokuwa akilisikia kwa jirani tangu utotoni, watu hucheka. Husema umri umekwenda, vidole vimekauka, kichwa hakishiki tena.

Je, ni kweli kichwa hakishiki? Kwa karibu miaka 20 sasa, watafiti katika nchi mbalimbali wamewachukua wazee ambao hawakuwahi kupiga ala yoyote ya muziki, wakawafundisha, kisha wakapima kumbukumbu zao na hata kupiga picha za ubongo wao. Makala hii inaeleza walichokikuta, mipaka ya walichokikuta, na namna unavyoweza kuanza ukiwa kijijini bila gharama kubwa. Inaeleza pia ni wakati gani usahaulifu wa mzee unahitaji kituo cha afya.

Kwa ufupi:

- Ubongo wa mzee bado unaweza kujifunza jambo jipya, ila kwa mwendo wa taratibu kuliko wa kijana.
- Wazee waliojifunza kupiga ala walipata nafuu katika kumbukumbu na umakini. Faida ilidumu zaidi kwa walioendelea kupiga.
- Muziki si dawa ya ugonjwa wa kusahau, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utaukinga.
- Mzee anayechanganyikiwa ghafla apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nini hutokea kwenye ubongo tunapozeeka?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, na seli zake za neva zinakadiriwa kufikia bilioni 86. Seli hizo hazikai kila moja peke yake. Zinaungana na kupelekeana habari, kama vijiji vinavyounganishwa kwa njia za miguu. Njia inayopitwa kila siku huwa pana na ngumu. Isiyopitwa huota nyasi.

Kadiri umri unavyokwenda, ubongo hupungua ukubwa kidogo kidogo. Sehemu ya mbele, inayotusaidia kupanga mambo na kufanya mawili kwa wakati mmoja, hupungua kasi. Hali ni hiyo pia kwa sehemu ndogo iliyo ndani, usawa wa sikio, iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake kubwa ni kuhifadhi kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mzee anaweza kukusimulia vizuri mwaka wa njaa alipokuwa kijana, lakini akatafuta miwani aliyoivaa kichwani. Usahaulifu wa namna hiyo, usiomzuia mtu kuendesha maisha yake, ni wa kawaida.

Zamani wataalamu waliamini kwamba ubongo ukishakomaa haubadiliki tena, isipokuwa kuharibika. Leo inajulikana kwamba sivyo. Hata uzeeni ubongo huendelea kutengeneza miunganisho mipya pale unapopewa kazi mpya ya kufanya. Wataalamu huita tabia hii unyumbufu wa ubongo.

Kuna jambo la pili wanaloliita akiba ya ubongo. Fikiria nyumba mbili zilizovuna mahindi. Moja ina magunia 20 ghalani, nyingine ina 5. Dumuzi wakiingia na kula magunia 4 kila nyumba, hasara ni ileile. Lakini nyumba moja itafika msimu ujao na nyingine italala njaa. Ubongo nao uko hivyo. Mtu aliyejiwekea akiba kubwa kwa kusoma, kufanya kazi za kufikiri, kuzungumza na watu na kujifunza mambo mapya, anaweza kuhimili madhara ya uzee au ugonjwa kwa muda mrefu zaidi kabla dalili hazijaonekana.

Swali la watafiti likawa hili: je, mtu anaweza kuendelea kuongeza magunia akiwa na miaka 65 au 75?

Ugonjwa wa kusahau ni kitu gani?

Ugonjwa wa kusahau, ambao hospitalini huitwa dimensia, ni hali ambayo kumbukumbu, fikra, lugha na uamuzi wa mtu huharibika mpaka anashindwa shughuli zake za kila siku. Aina inayojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, jambo linalohusiana sana na shinikizo la damu na kiharusi.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia mwaka 2021. Zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo si kweli kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Hapa Tanzania, watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kwamba watu wapatao 6 katika kila 100 wa umri huo walikuwa na dimensia. Huenda nawe unamjua mmoja, ingawa nyumbani kwao husema tu kwamba mzee amezeeka.

Kupiga ala kunaufanyisha ubongo kazi gani?

Chukua zeze la Wagogo wa Dodoma, lenye kibuyu, ngozi na upinde. Mpigaji anaposhika zeze, vidole vya mkono mmoja vinabana nyuzi mahali panapotakiwa. Mkono mwingine unavuta upinde kwa mwendo tofauti kabisa. Sikio linasikiliza kama sauti imetoka sawa au imepinda kidogo, na vidole vinasahihisha hapohapo. Kumbukumbu inaleta kipande kinachofuata. Mara nyingi mdomo nao unaimba. Kama kuna wenzake, anawafuatilia pia ili asiwatangulie wala kuachwa.

Mambo haya yote hufanyika ndani ya sekunde moja. Sehemu ya ubongo inayosikia, inayoongoza mikono, inayopima mwendo, inayokumbuka na inayohusika na furaha zote zinafanya kazi pamoja, tena kwa kupeana habari bila kukoma. Ni shughuli chache za kawaida zinazouamsha ubongo kwa upana namna hiyo.

Jambo jingine ni ugumu unaokua. Ukishaweza kipande kimoja kuna kingine kigumu zaidi. Kazi ambayo mikono imeshaizoea kwa miaka 40, kama kupukuchua mahindi au kusuka mkeka uleule, ni nzuri kwa mwili na kwa riziki, lakini ubongo huifanya bila kujisumbua sana. Kujifunza ala humlazimu mtu kukosea, kusikia kosa na kurekebisha. Kile kinachomkera mwanafunzi mzee ndicho kinachoufanyisha ubongo wake mazoezi.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 2007, Jennifer Bugos na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti kwa watu 31 wenye umri wa miaka 60 hadi 85. Baadhi yao walifundishwa piano kwa miezi 6, na wengine hawakufundishwa. Waliofundishwa walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya umakini, wepesi wa kufikiri na uwezo wa kubadili fikra kutoka jambo moja kwenda jingine.

Watafiti wa Geneva nchini Uswisi na Hannover nchini Ujerumani walifanya kazi kubwa zaidi. Matokeo waliyotoa mwaka 2023 yalihusu wastaafu 132 wenye umri wa miaka 62 hadi 78, wote wenye afya njema na wasio na uzoefu wa muziki. Kundi moja lilijifunza piano. Kundi la pili halikushika ala. Lilifundishwa kusikiliza kwa makini: kutambua ala, kutofautisha mitindo na kufuatilia namna wimbo ulivyojengwa. Kila kundi lilikuwa na somo la saa moja kwa wiki, na mazoezi ya nyumbani.

Baada ya miezi 6, makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa kumbukumbu ya muda mfupi kwa wastani wa asilimia 6. Hii ni kumbukumbu ya kushika jambo kichwani wakati unalitumia, kama kukumbuka namba ya simu hadi umalize kuibonyeza. Tofauti ilionekana kwenye picha za ubongo. Katika kundi la wasikilizaji, sehemu inayopokea sauti ilikuwa imepungua kidogo, kama kawaida ya uzee. Kwa waliopiga piano, sehemu hiyo haikupungua. Watafiti wenyewe walisisitiza kwamba hawajaona ubongo ukirudi ujanani. Walichoona ni kwamba uzee ulipunguzwa mwendo katika baadhi ya sehemu.

Utafiti wa tatu ulifanyika Kyoto, Japani. Wazee waliokuwa na wastani wa miaka 73 walifundishwa kwa miezi 4 kupiga melodika, kinanda kidogo kinachopulizwa kwa mdomo huku vidole vikibonyeza. Kumbukumbu zao za maneno ziliongezeka. Mafunzo yalipokwisha, baadhi waliendelea kupiga ala na wengine wakaacha. Watafiti waliwarudia baada ya miaka 4. Waliokuwa wameacha walikuwa wamepungukiwa na kumbukumbu ya maneno, na sehemu mojawapo ya ndani ya ubongo wao ilikuwa imesinyaa. Kwa walioendelea, upungufu huo haukuonekana.

Ukichukua jambo moja tu katika makala hii, chukua hilo la Kyoto. Faida haikukaa kwa sababu mtu alijifunza mara moja. Ilikaa kwa yule aliyeendelea.

Vipi kuhusu kukinga ugonjwa wenyewe?

Kumbukumbu kuongezeka ni jambo moja. Kukingwa na dimensia ni jambo jingine, na hapa inabidi kuwa mkweli.

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la New England lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75 huko Bronx, New York. Kusoma, kucheza michezo ya ubao kama drafti, kupiga ala ya muziki na kucheza dansi viliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kupata dimensia.

Nchini Sweden watafiti waliangalia jozi 157 za mapacha ambapo mmoja alikuwa amepata dimensia au kudhoofika kiakili na mwenzake hakupata. Katika matokeo ya mwaka 2014, pacha aliyekuwa akipiga ala utu uzimani alikuwa na uwezekano mdogo wa kupata hali hiyo, kwa asilimia 64, kuliko mwenzake asiyepiga. Kwa kuwa mapacha hukua nyumba moja na hufanana kwa damu, matokeo haya yana uzito. Lakini jozi ambazo mmoja alikuwa mpigaji na mwenzake si mpigaji zilikuwa chache.

Hata hivyo, kuambatana si kusababisha. Inawezekana mwenye ubongo wenye afya ndiye anayevutiwa na muziki. Inawezekana pia kwamba ugonjwa huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya kuonekana, na mtu huacha kupiga ala kwa sababu ya ugonjwa ambao bado hana habari nao. Tafiti za kufundisha wazee zilizotajwa hapo juu nazo zilikuwa na watu wachache, na ziliwapima kwa miezi au miaka michache tu.

Kwa hiyo, akija mtu akikuambia nunua kinanda hiki, hutapata ugonjwa wa kusahau, anakudanganya. Lililo wazi ni kwamba kujifunza ala hakudhuru, kunafurahisha, kunanoa umakini na kumbukumbu kwa anayeendelea, na kuna dalili nzuri kwamba ni sehemu ya maisha yanayolinda ubongo.

Je, zeze na marimba zinafaa kama piano?

Tafiti hizi zilitumia piano na melodika. Kinachoufanyisha ubongo kazi ni kujifunza, mikono miwili kufanya mambo tofauti, sikio kusahihisha na kumbukumbu kushika. Mambo haya yamo katika ala zetu pia.

Marimba ya vidole, ambayo Wagogo huiita ilimba, hupigwa kwa vidole gumba vya mikono yote miwili, kila kimoja kikiwa na zamu yake. Ni ala iliyosikika sehemu nyingi za dunia kupitia Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003. Nyatiti ya Wajaluo nchini Kenya ina nyuzi 8. Dufu za maulidi, ngoma, kayamba, filimbi, gitaa na kinanda cha kanisani, zote zinafaa mradi kuna jambo jipya la kujifunza.

Ala ya nyumbani ina faida nyingine tatu. Kwanza, nyimbo zake tayari ziko kichwani mwako, kwa hiyo sikio linajua pale vidole vinapokosea. Pili, gharama ni ndogo, kwani fundi wa kijijini anaweza kutengeneza marimba kwa ubao na misumari iliyopondwa au spoki za baiskeli. Tatu, mwalimu huenda yupo nyumba ya tatu kutoka kwako. Mara nyingi mwalimu huyo naye ni mzee, na hana mwanafunzi.

Namna ya kuanza

Chagua ala unayoipenda. Usichague kwa sababu ni rahisi au mtoto wako ameitaka. Usipoipenda utaiacha mwezi wa pili.

Tafuta mwalimu. Anaweza kuwa mpiga kinanda wa kwaya, mpiga ngoma wa kikundi cha akina mama au mzee wa zeze. Anaweza pia kuwa kijana. Mjukuu akikuambia, "Babu, hapo umekosea," pokea. Atakuamkia shikamoo asubuhi kama kawaida, na jioni atakufundisha. Heshima yako haipungui kwa hilo.

Panga muda mdogo wa kila siku. Dakika 20 hadi 30 kila siku ni bora kuliko saa 3 siku ya Jumapili peke yake. Wengi huona muda mzuri ni baada ya kutoka shambani na kuoga, kabla giza halijaingia. Haba na haba hujaza kibaba.

Gawanya wimbo vipande vidogo. Anza na mkono mmoja hadi uzoee, kisha mkono wa pili, kisha yote miwili kwa mwendo wa polepole. Kasi itakuja yenyewe. Ukikwama, lala. Ubongo huendelea kupanga mambo uliyojifunza wakati wa usingizi, na kesho yake kipande kilichokushinda kinaweza kuwa chepesi.

Tumia simu yako. Nyingi zina kinasa sauti kisichohitaji bando. Mrekodi mwalimu akipiga polepole, usikilize nyumbani. Kila mwisho wa mwezi jirekodi mwenyewe na uhifadhi. Mwezi wa tatu sikiliza rekodi ya kwanza, ndipo utakapoona umbali uliokwenda.

Usijifunze peke yako kwa muda mrefu. Jiunge na kwaya, kikundi cha ngoma au wenzako wawili watatu. Upweke wenyewe huongeza hatari ya dimensia, na mtu anayesubiriwa na wenzake jioni haachi kirahisi.

Kama bado huna ala, anza na redio. Wale wastaafu wa kundi la pili walinufaika kwa kusikiliza tu, ila walisikiliza kwa makini. Wimbo ukipigwa, tafuta gitaa la besi na ulifuate hadi mwisho. Mara ya pili fuata ngoma. Mara ya tatu jiulize kibwagizo kimerudi mara ngapi.

Viungo, masikio na macho

Vidole vyenye baridi yabisi vipashwe moto kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Usipige hadi maumivu yazidi. Zeze likikushinda kwa sababu ya vidole, ngoma ya kupigwa kwa kiganja au kwa fimbo inaweza kukufaa.

Kama unasikia kwa shida, nenda upimwe. Wakati mwingine ni nta tu iliyojaa, na mhudumu wa afya huisafisha kwa muda mfupi. Usichokoe kwa kijiti. Kupungua kusikia kusikotibiwa ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya dimensia, kwa hiyo masikio yana umuhimu zaidi ya muziki. Macho nayo yapimwe. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji.

Ala za kupuliza kwa nguvu, kama tarumbeta, zinahitaji tahadhari. Mwenye presha ya macho, mwenye ngiri au aliyefanyiwa upasuaji wa macho au tumbo karibuni amuulize daktari kwanza. Filimbi au melodika ya kuchangia isafishwe sehemu ya mdomo kabla ya kumpa mwingine.

Kama mzee tayari ameanza kusahau

Usahaulifu unaohitaji kuangaliwa una dalili zake. Mzee anapotea njia aliyoipita miaka yote. Anauliza swali lilelile mara nyingi ndani ya saa moja. Anashindwa kuhesabu chenji aliyokuwa akiihesabu bila shida. Anaacha sufuria motoni, au tabia yake inabadilika na kuwa ya hasira au woga usio na sababu. Ukiona hivyo, mpeleke kituo cha afya. Shinikizo la damu, kisukari, upungufu wa vitamini, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na hata dawa anazotumia vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na baadhi ya hayo hutibika.

Kama amechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura. Kwa mzee, malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi vinaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usisubiri asubuhi.

Wala usahaulifu si uchawi. Katika baadhi ya maeneo ya nchi yetu, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Bibi anayetembea usiku bila kujua aendako, au anayeongea na watu wasiokuwepo, anaweza kuwa mgonjwa. Anahitaji kulindwa na kutibiwa.

Kwa mgonjwa wa dimensia, kujifunza ala mpya kunaweza kuwa kugumu, na asilazimishwe. Lakini muziki bado una nafasi. Nyimbo za ujana mara nyingi hubaki kichwani hata pale majina ya watoto yanapopotea. Mwimbie, mpe kayamba, mwache apige makofi. Katika wilaya ile ya Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulijaribu tiba ya kuchangamsha akili kwa wazee wenye dimensia. Walikutana katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki 7, wakifanya pamoja shughuli za kuchangamsha fikra. Uwezo wao wa kufikiri uliongezeka. Kilichohitajika zaidi ni watu kukaa pamoja kwa utaratibu na kiongozi aliyefundishwa.

Muziki pekee hautoshi

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimensia duniani. Miongoni mwake ni elimu duni, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, kuumia kichwa, upweke, sonona, hewa chafu, na kupungua kusikia na kuona.

Kwa hiyo anayepiga zeze kila jioni lakini hapimi presha ameziba tundu moja na kuacha jingine wazi. Pima shinikizo la damu, na kama umepewa dawa, meza bila kuruka siku. Vaa kofia ngumu unapopanda bodaboda. Punguza moshi jikoni kwa kupikia mahali penye hewa. Halafu chukua zeze lako.

Na kama nyumbani mna mzee mwenye afya anayeshinda kimya barazani, muulize alitamani kupiga ala gani alipokuwa kijana. Huenda iko kwa jirani, imetundikwa ukutani, haina mpigaji.